Madam Esnah Nyanchoka Aaga Maabara ya Miale

Jumatatu tarehe 30 Juni, Bi. Esnah Nyanchoka Masese, Mtaalamu Mkuu wa Maabara ya Miale, atarudisha funguo zake ofisini na kustaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na mitatu. Wafanyakazi wengi humu, na karibu kila mwanafunzi aliyewahi kupita Idara ya Fizikia, wanamjua kwa jina moja tu: Madam Sifuri.

Jina hilo alilipata kwa haki. Mwanafunzi akija mbio na kipimo chake, uso umejaa furaha, Madam hamuulizi amepata nini. Humuuliza, "Na sifuri yako inasoma ngapi?" Maana yake: mashine inasema nini pale ambapo hujaiwekea kitu chochote mbele yake? Wengi wamerudi walikotoka wakiwa wameinamisha vichwa, wakaanza upya.

Madam Esnah alizaliwa Nyamira katika familia ya wakulima wa chai, akasomea shule ya Nyanchwa, kisha akaenda Nairobi kusomea elektroniki. Hapendi watu wapambe habari hiyo. Mwenyewe alitaka kuwa muuguzi, lakini nafasi zilijaa, na darasa la elektroniki ndilo lililobaki na viti. "Mwaka wa kwanza nililia kila mwisho wa juma," alituambia siku moja tukinywa chai. "Mwaka wa pili nilisahau kulia, nilikuwa nimeshikwa na kazi."

Alipoajiriwa hapa, idara ilikuwa vyumba viwili na stoo. Ndani ya stoo hiyo kulikuwa na sanduku la vifaa tulivyopewa msaada na chuo cha ng'ambo: vigunduzi vya silikoni, chumba kidogo cha chuma cha kupimia, na priamplifaya mbili, yaani vikuza-ishara vya mwanzo. Hakuna aliyekuwa amevigusa. Mkuu wa idara wa wakati huo, marehemu Bw. Nyamongo, alimwonyesha sanduku, akamwambia, "Hivi ni vyako," akaenda darasani.

Wenzetu wa Idara ya Biashara wametuomba tueleze kazi hii bila hesabu. Tutajaribu. Kipande cha silikoni, chembamba na kidogo kama sarafu, hukaa gizani kikiwa kimepewa umeme. Chembe ya mnururisho ikikigonga, huamsha chaji ndogo mno ndani yake, ndogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kujua kuwa kuna jambo limetokea. Priamplifaya huikusanya chaji hiyo kwenye kapasita ndogo, kama maji kwenye kikombe, na kuigeuza kuwa mpigo wa volteji unaoweza kupimwa. Chembe yenye nguvu nyingi hutoa mpigo mrefu, yenye nguvu kidogo hutoa mfupi. Ukiipanga mipigo kwa urefu wake, unapata mchoro wenye vilele, na kila kilele kinakutajia kilichokitoa.

Taabu ni kwamba kifaa kinachosikia kitu kidogo namna hiyo husikia na mengine yote: taa inayopepesa, simu ya mkononi, waya mrefu kupita kiasi, hata kiti kinachoburutwa sakafuni. Hayo yote mafundi huyaita kelele. Miaka thelathini na mitatu ya Madam Esnah imekuwa ya kutenganisha habari na kelele.

Hakuanza vizuri. Mwaka wake wa kwanza alifungua kifuniko cha chumba cha kupimia kabla ya kuzima umeme wa kigunduzi. Mwanga ukaingia kwa ghafla, na priamplifaya ikafa papo hapo. Bw. Nyamongo alikuja akasimama mlangoni.

"Nyanchoka, umeua."

"Nimeua, bwana," akajibu. "Sasa nifundishe kuzika au nifundishe kufufua."

Walifufua. Ile transista ndogo ya mlangoni mwa saketi ndiyo iliyoungua. Walisubiri nyingine muda mrefu, na ilipofika wakaichomelea kwa pamoja, mmoja ameshika taa na mwingine ameshika moto. Tangu siku hiyo, mtu yeyote anayetaka kutumia chumba kile hukutana kwanza na kibao alichokiandika kwa mkono wake: ZIMA. SUBIRI. FUNGUA. Na akiwasha, Madam hupandisha volteji polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto mwenye homa.

Wageni wengi humkumbuka kwa sababu ya sweta. Mwezi wa saba, baridi ya hapa kwetu ikishuka, kila mtu huvaa sweta, na zile za nailoni zina umeme tuli unaoweza kuua saketi kwa mguso mmoja. Madam aliweka msumari wa kuzitundika nje ya mlango. Hakuna aliyeingia na sweta yake, hata awe nani. Mgeni mmoja mkubwa kutoka Nairobi alitembezwa maabara nzima akitetemeka ndani ya shati jeupe. Alipotoka alisema hajawahi kuona idara yenye nidhamu kama hii, wala yenye baridi kama hii.

Na radi! Tunaoishi milima hii tunajua mawingu ya alasiri yanavyokuja. Ngurumo ya kwanza ikisikika upande wa vilima vya Manga, Madam alikuwa tayari amechomoa kila kitu ukutani. Wengine walimcheka, hadi siku radi ilipounguza kompyuta za jengo zima isipokuwa zake. Alipika chai akawaletea.

Lakini tukio ambalo idara hii haitalisahau ni lile la kisima.

Ilikuwa muhula wa tatu, mtihani wa kitaifa ukiwa umekaribia. Katika shule moja ya bweni ya wasichana karibu na Keroka, mtu aliyekuja kurekebisha pampu alipitisha kifaa chake cha mkononi karibu na tangi la maji ya kisima, kikalia. Alisema neno moja, "nyuklia," akaenda zake. Kabla ya jua kuzama neno hilo lilikuwa kwenye simu za wazazi wote. Asubuhi iliyofuata bodaboda zilikuwa zimejaa langoni, zinachukua magodoro na masanduku.

Mwalimu mkuu, Bi. Lavender Nyamusi, alikuja hapa chuoni mwenyewe na mitungi ya maji ndani ya gari la shule. Hakuketi.

"Madam, nina wasichana zaidi ya mia tatu, na nusu yao wameshafuatwa na wazazi," alisema. "Wakienda nyumbani sasa, wengine hawatarudi kufanya mtihani. Naomba unipe neno ninaloweza kuwaambia watu."

Madam Esnah aliitazama ile mitungi, nusu imejaa, imetikiswa njia nzima kutoka Keroka. Alijua kwamba kama kuna kitu ndani ya maji ya kisima, yaelekea ni radoni, gesi inayotoka kwenye mawe ya chini ardhini, na gesi hutoroka. Akayamwaga maji yote kwenye maua. Kisha akaingia ndani ya gari lile lile na chupa za kioo, akaenda kuchota mwenyewe pale kisimani, akijaza kila chupa hadi pomoni bila kuacha hata kiputo.

Kipimo cha kwanza kilitisha. Mchoro ulijaa mipigo kila mahali kama kichaka. Dkt. Abner Ochoki, mkuu wetu wa idara, aliusogelea akauliza, "Ni maji haya?" Madam akatoa maji, akapima chumba kikiwa kitupu. Kichaka kilikuwa pale pale. Alipima tena na maji, kichaka kile kile. Maji yawepo, maji yasiwepo, hakuna tofauti.

Siku hiyo alimpigia simu mwalimu mkuu. "Ni kelele, mwalimu. Ni umeme wa huku kwetu. Kisima chako hakina neno."

Bi. Nyamusi alilia kwenye simu. Aliwaita wazazi, akawatangazia. Magodoro yakarudi.

Hadithi ingeishia hapo, kama Madam angekuwa mtu wa kulala na jambo ambalo hajalimaliza. Hakuwa. Alikuwa amethibitisha kwamba mashine ina kelele. Hakuwa amethibitisha kwamba maji ni safi, kwa maana kitu kidogo kingeweza kujificha ndani ya kichaka kile na yeye asikione. Alituambia baadaye kwamba jambo hilo lilimjia akiwa anamenya ndizi jikoni kwake, akaweka kisu chini.

Kesho yake aliitafuta kelele yenyewe. Aliigundua upesi: karakana ya kuchomelea vyuma iliyokuwa ng'ambo ya ua wetu, ya fundi Angwenyi, ilikuwa ikitumia laini moja ya umeme na maabara. Kila cheche ya kule ilikuwa mpigo huku. Akaenda kumwomba asimamishe kazi kidogo.

"Madam, mteja anachukua lango lake kesho," Angwenyi alisema. "Jumamosi sifanyi kazi. Pima Jumamosi."

"Jumamosi na mimi sifanyi kazi, Angwenyi. Si tunaketi kanisa moja la Wasabato?"

Wakacheka wote wawili. Angwenyi akapangusa mikono. "Basi iache mashine ifanye. Yenyewe haijabatizwa."

Wazo lilikuwa zuri kuliko alivyodhani aliyelitoa. Ijumaa Madam Esnah alivunja mpangilio wote. Priamplifaya, ambayo miaka mingi ilikaa rafuni na kuunganishwa kwa waya mrefu, aliishusha akaifunga juu ya kifuniko chenyewe cha chumba cha kupimia, kwa waya mfupi kuliko kidole cha shahada, kwa sababu kila sehemu ya waya inayozidi ni kelele inayozidi. Akaifunika kwa mkebe wa majani ya chai uliooshwa na kukaushwa, akauchomelea waya wa ardhi mahali pamoja tu. Akaagiza maji mapya kutoka kisimani. Kabla jua la Ijumaa halijatua na Sabato kuingia, alipandisha volteji taratibu, akaiacha mashine ikihesabu, akafunga mlango. Dkt. Ochoki, ambaye ni Mkatoliki, alipita Jumamosi kuona kama umeme upo. Aliambiwa asiwashe taa, na hakuwasha.

Jumapili asubuhi tulikuwa watatu, Madam, Dkt. Ochoki na mimi, mbele ya kioo cha kompyuta. Kichaka kilikuwa kimeanguka, kimebaki nyasi fupi pembeni. Na pale katikati, mahali palipokuwa pamefunikwa, kilele chembamba kilikuwa kimesimama peke yake, mahali hasa ambapo mipigo ya polonia, elementi inayozaliwa radoni ikioza, hukaa.

Madam alitoa maji yale, akasubiri masalio yafifie, akaweka maji yaliyochemshwa hadi gesi ikatoka. Kilele hakikutokea. Akaweka chupa nyingine ya kisimani. Kikatokea. Hapo ndipo alipoketi.

"Nimewaambia watu uongo," alisema.

"Uliwaambia ulichokiona," Dkt. Ochoki akamjibu. "Na kiasi hiki si cha kumlaza mtu hospitalini. Kimezidi kinachoshauriwa kwa maji ya kunywa kila siku, ndiyo, lakini tunaweza kuandika ripoti wiki hii, kwa lugha ya utulivu."

"Daktari, wasichana wanayanywa leo."

Dkt. Ochoki aliitazama grafu, kisha akanyoosha mkono kuchukua ufunguo wa gari uliokuwa mezani. "Basi twende wote," alisema. "Hutasimama peke yako."

Siku hiyo wazazi walikuwa wamekusanyika shuleni kwa maombi ya watahiniwa. Bi. Nyamusi alipoambiwa kando habari yenyewe, uso wake ulibadilika. "Madam, mimi nilisimama mbele ya watu hawa nikaapa kwa jina lako," alisema. Hata hivyo akampa nafasi ya kuzungumza.

Madam Esnah alizungumza kwa Ekegusii, lugha ya wenyeji, bila kipaza sauti. Aliwaambia kwamba aliharakisha. Kwamba kelele ya mashine ilikuwepo kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo la kweli pia, na yeye hakulingoja. Mzazi mmoja aliruka juu, kofia mkononi.

"Juzi ulisema ni kelele. Leo unasema ni kweli. Kesho utasema nini, mama?"

Madam alimsogelea hatua moja.

"Kesho nitasema nitakachokipima kesho," alijibu. "Na nitakileta mimi mwenyewe, kwa miguu ikibidi, mbele yenu hapa. Kama ningetaka mnipende, ningebaki nyumbani leo."

Yule mzazi akavaa kofia yake. "Haya," akasema. "Tuambie dawa."

Dawa ilikuwa rahisi. Radoni hupenda hewa kuliko maji. Ukiyatandaza maji na kuyaangusha, gesi huondoka. Madam alieleza kwa mfano wa chai ya moto inayopozwa kwa kumiminwa kutoka kikombe hadi kikombe. Wazazi walianza kuchota maji ya mvua kutoka matangi ya nyumbani kwao siku hiyo hiyo ili wasichana wapate ya kunywa. Na fundi Angwenyi, aliposikia, alitengeneza trei za mabati zenye matundu, zikapangwa moja juu ya nyingine chini ya paa dogo lililo wazi pande zote, maji ya kisima yakawa yanaanguka kupitia humo kabla ya kuingia tangini. Tulipopima maji yaliyopita kwenye trei, Angwenyi alizima mashine zake mwenyewe bila kuombwa, akaja kuchungulia dirishani. Kilele kilikuwa kimeshuka hadi kubakia kivuli tu, chini kabisa ya kiwango.

Madam alipeleka habari hiyo shuleni mwenyewe, kama alivyoahidi. Wasichana wote walifanya mtihani. Bi. Nyamusi alikaa muda bila kumpigia simu, tusifiche. Kisha siku moja akaja na mkungu wa ndizi begani mwa dereva, akauweka mlangoni pa maabara, wakazungumza nje kwa muda mrefu. Leo ni marafiki, na Bi. Nyamusi ni miongoni mwa watakaozungumza kwenye sherehe.

Baada ya hapo maabara yetu ilianza kuitwa na watu. Vikundi vya wenye visima kutoka Kiogoro, Keroka na ndani ya Nyamira vilileta chupa zao, na Madam aliwafundisha kwanza namna ya kuzijaza. Visima vingi vilikuwa salama. Vichache vilihitaji trei. Hakuna hata kimoja alichokitolea jibu kwa simu.

Alifundisha pia. Mafundi aliowalea wako hospitalini, viwandani, na wawili wako ng'ambo. Bi. Purity, anayechukua nafasi yake, alikuja hapa akijua nadharia yote na akiogopa kushika chuma cha kuchomelea. Madam alimpa ubao mtupu wa saketi akamwambia, "Unda priamplifaya yako. Ikikataa, tutakaa hapa pamoja mpaka ikubali." Ilikataa mara nyingi. Sasa ndiyo inayotumika kwenye kigunduzi kikubwa, na kelele yake ni ndogo kuliko ya ile tuliyoletewa kwa sanduku. Madam ndiye anayemwambia kila mgeni jambo hilo.

Tusimfanye malaika. Hakuwahi kuweza kufika mkutanoni kwa wakati. Alikuwa mkali mno kwa watu wanaokopa bisibisi. Aliimba sauti ya pili akifanya kazi, wimbo ule ule juma zima, na aliyemwomba abadilishe alipewa ubeti wa tatu.

Alhamisi iliyopita alimleta mume wake, Mzee Masese, kuiona maabara. Mzee amelima chai Nyamira maisha yake yote, na miaka yote hiyo amekuwa akisikia habari za silikoni wakati wa chakula cha jioni bila kuiona. Bi. Purity alimwonyesha kigunduzi ndani ya kisanduku chake.

"Hiki ndicho?" aliuliza.

"Ndicho," Madam akajibu.

"Kidogo hivi?"

Aliwekewa kiti. Alitazama kilele kikikua kwenye kioo, mpigo kwa mpigo, wala hakutaka kuondoka hata chai ilipoletwa. Mwishowe alisimama, akavaa koti lake lililokuwa kwenye msumari wa nje, akatuzunguka mmoja mmoja akitupa mkono. Sisi tulikuwa tumeandaa hotuba fupi ya kumshukuru yeye kwa kutuazima mke wake miaka thelathini na mitatu. Akatutangulia.

"Mbuya mono," alisema kwa Ekegusii, yaani asante sana. "Mmenitunzia."

Hotuba ikabaki mfukoni. Madam Esnah alikuwa ameelekea dirishani, anafuta miwani.

Madam, asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa ile Jumapili ya Keroka. Nenda ukapumzike na Mzee kwenye majani ya chai. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na miaka mingi yenye amani. Idara nzima inakuombea maisha mema.

Duke Nyangau
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Idara ya Fizikia